Umeme wa Kuwasha na Kuzima

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike juu ya kile kibao kidogo cha buluu kilichokaa juu ya meza ya Chama cha Fizikia muhula wote uliopita. Wenzangu wengi waliniuliza ni kitu gani, na baadhi yao walidhani ni kipande cha redio iliyovunjika. Si redio. Ni regulata, yaani kifaa cha kurekebisha volti, na aina yake ni ile ya kuwasha na kuzima. Ukubwa wake haupiti kasha la kiberiti. Nitajitahidi kueleza bila hesabu nyingi, maana najua gazeti hili husomwa na wazazi pia, na mama yangu ni mmoja wao. Tena yeye ndiye aliyenifanya niitafute habari hii.

Nyumbani kwetu nguzo za umeme bado hazijafika. Tuna paneli ya jua ya wati 50, betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 18, na taa moja ya wati 3 iliyotundikwa sebuleni. Mama huchaji simu za majirani kwa malipo madogo, na fedha hizo ndizo zinazolipa nauli yangu ya kuja shuleni na kurudi. Wakati wa kiangazi mambo huenda vizuri, maana jua ni kali na betri hujaa mapema. Taabu ilikuwa wakati wa masika. Mawingu yakikaa siku mbili tatu mfululizo, betri hupata chakula kidogo mno, na ifikapo saa mbili usiku taa huanza kufifia. Mdogo wangu yuko darasa la saba. Ikawa lazima pawe na uchaguzi: ama asome kwa taa, ama simu za watu zichajiwe na yeye asome kwa koroboi. Aliyechagua ni mama, na kila mara alichagua kwa kusitasita, akizihesabu simu zilizopangwa mezani kama mtu anayehesabu mayai.

Kifaa cha kuchajia tulikuwa tumetengenezewa na fundi mmoja mjini. Ndani yake mlikuwa na kijitu cheusi chenye miguu mitatu, kimefungwa kwa skrubu kwenye kipande cha bati. Kijitu hicho huitwa 7805, nacho si kitu kibaya hata kidogo. Kimekuwapo tangu miaka ya 1970, na mafundi wa redio duniani kote wanakijua. Ukikipa volti zozote kuanzia 7 hivi mpaka 35, chenyewe hutoa volti 5, ambazo ndizo simu inazozitaka. Lakini lile bati lilikuwa na joto la kutisha. Mama alizoea kuliweka mbali na mkeka, na paka wetu alizoea kulala karibu nalo.

“Mwanangu,” mama aliniambia siku moja wakati wa likizo, “kama kitu hiki kinapika, mbona chakula sikioni?”

Swali hilo nililibeba mpaka shuleni, nikampelekea Mwalimu wetu wa Fizikia. Yeye hakunijibu mara moja. Alinipa chaki, akaniambia niandike ubaoni mambo matatu: volti za betri, volti za simu, na mkondo unaopita. Betri ni volti 12. Simu inataka volti 5. Mkondo, tuseme ni ampea 1. Sasa, katika regulata ya namna ya 7805, mkondo unaoingia ni sawa na mkondo unaotoka, kwa kuwa hauna njia nyingine ya kupita. Kwa hiyo betri inatoa wati 12, nayo simu inapokea wati 5. Wati 7 zilizobaki ziko wapi? Ziko katika bati. Zaidi ya nusu ya umeme wetu ulikuwa ukimpasha paka joto.

Tukaendelea na hesabu. Simu ndogo ya vibonyezo ina betri ya ampea-saa 1 hivi. Kuijaza kwa njia hiyo kulikuwa kukichukua ampea-saa 1 kutoka betri yetu, nao ni kama wati-saa 12. Kati ya hizo, wati-saa 7 zilipotea. Taa yetu ni ya wati 3. Kwa hiyo kila simu moja iliyochajiwa ilitupokonya saa mbili na dakika ishirini za taa, na saa hizo hazikwenda katika simu ya jirani, zilikwenda hewani. Nilipoyaandika hayo ubaoni nilinyamaza kidogo. Betri ya namna yetu haifai kutumiwa kupita nusu ya uwezo wake, la sivyo huharibika mapema, na nusu ya 18 ni 9. Taa ya saa nne ni ampea-saa 1, na simu nane ni ampea-saa 8. Hesabu imekwisha, hakuna kilichobaki, na hapo tumesema jua limewaka vizuri.

Labda msomaji atauliza kwa nini fundi alitumia kitu chenye hasara namna hiyo. Jibu ni kwamba ni rahisi, ni cha bei nafuu, na hakikosei. Ndani ya 7805 mna transista inayofanya kazi kama bomba lililofunguliwa nusu. Volti zikizidi, inajibana, zikipungua, inajiachia. Wakati wote inazuia, na kuzuia huko ndiko kunakoleta joto. Mwalimu alitupa mfano wa baiskeli. Mtu anashuka mtelemko mrefu wala hataki mwendo wa kasi; anashika breki, na breki zinapata moto. Hapo hana hasara, maana mtelemko ni wa bure. Lakini fikiri mtu aliye katika njia tambarare, anayekanyaga pedali kwa nguvu zake zote huku ameshika breki, ili apate mwendo wa polepole. Watu watamcheka. Kumbe ndivyo tulivyokuwa tukifanya kila jioni kwa betri yetu.

Mwendesha baiskeli mwenye akili hufanyaje? Hukanyaga mara chache, kisha hutulia na kuliacha gurudumu lijiendee lenyewe. Mwendo ukianza kupungua, hukanyaga tena. Akitaka mwendo mdogo hukanyaga kwa muda mfupi na kupumzika muda mrefu. Breki hazigusi. Hiyo ndiyo siri yote ya regulata ya kuwasha na kuzima, na yaliyobaki ni kueleza pedali ni kitu gani, na gurudumu ni kitu gani.

Pedali ni transista, ila safari hii haifunguliwi nusu kamwe. Ama imefunguliwa kabisa, ama imefungwa kabisa, kama swichi ya ukutani. Faida yake yaonekana kwa kukumbuka kanuni tuliyoisoma: wati ni volti mara ampea. Swichi ikiwa imefungwa, mkondo hakuna, na kitu chochote mara sifuri ni sifuri. Swichi ikiwa wazi kabisa, mkondo unapita, lakini volti kati ya upande huu na ule wa swichi ni ndogo sana, karibu na sifuri, na jawabu tena ni dogo. Hali zote mbili hazina joto la maana. Hatari iko katikati tu, pale swichi inapovuka kutoka hali moja kwenda nyingine, kwa sababu hapo volti zipo na mkondo upo. Ndiyo maana transista hizi hutengenezwa ziweze kuvuka upesi sana. Mimi naona wazo hili ni zuri kupita mengi tuliyofundishwa mwaka huu, na linashangaza jinsi lilivyo jepesi: kitu kisichofanya lolote nusunusu hakipotezi.

Lakini simu haiwezi kupewa volti 12 kisha sifuri kisha 12 tena. Itakufa. Hapa ndipo panapohitajika gurudumu, na gurudumu letu ni koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye kipande cha madini meusi ya sumaku yaitwayo feraiti. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya, naye Joseph Henry wa Marekani akaandika mwaka 1832 kwamba koili hufanya hivyo hata juu yake yenyewe. Kipimo cha koili huitwa henri kwa heshima yake. Koili haipendi mkondo wake ubadilike ghafula. Ukiuanzisha, inaukawiza, ukiukata, inausukuma uendelee. Nguvu iliyoingia wakati wa kuwasha hukaa ndani yake kwa hali ya sumaku, na wakati wa kuzima hurudishwa.

Tulilijaribu jambo hili maabara. Tulichukua koili kubwa yenye chuma katikati, tukaiunganisha na betri ya volti 6, na pembeni tukaweka taa ndogo ya neoni ambayo haiwezi kuwaka chini ya volti 60. Tulipowasha, neoni ilikaa kimya. Tulipokata waya, ikamweka mara moja, rangi ya chungwa, kisha giza. Wavulana wa kidato cha pili waliokuwa dirishani walipiga makelele. Tukairudia mara kumi na mbili hivi, nayo haikukosa hata mara moja. Nimesoma maelezo ya koili katika vitabu viwili, lakini ule mmweko ulinieleza zaidi ya vyote, kwa sababu umeme wa volti 60 haukutoka katika betri ya volti 6. Ulitoka katika koili iliyokasirika kwa kukatiwa mkondo.

Katika regulata yetu, hasira hiyo hupewa njia nzuri ya kupitia. Swichi inapofunguka, mkondo hutoka betri, hupita katika koili na kwenda kwenye simu, na sumaku ya koili huongezeka. Swichi inapofungwa, koili huendelea kuusukuma ule mkondo, na kwa kuwa njia ya betri imezibwa, mkondo huzunguka kupitia mlango wa upande mmoja uitwao dayodi. Wahandisi wameipa dayodi hiyo jina la kile kifaa cha baiskeli kilicho katika gurudumu la nyuma, kinachoacha gurudumu lizunguke wakati pedali zimetulia. Kwa hiyo mfano wa Mwalimu haukuwa wa kubuni tu. Mwishoni kuna kapasita, ambayo ni kama mtungi mdogo wa umeme: hupokea kinachozidi na kutoa kinachopungua, mpaka mawimbi yaliyobaki yanakuwa madogo sana na simu haiyaoni.

Volti zinazotoka hutegemea sehemu ya muda ambayo swichi iko wazi. Ukiifungua nusu ya muda, betri ya volti 12 itatoa 6. Sisi twataka 5, basi swichi yapaswa kuwa wazi sehemu 5 katika kila 12, na kuzidi kidogo, kwa ajili ya kufidia upotevu wa dayodi na wa swichi yenyewe. Na haya yote hufanyika kwa kasi isiyofikirika. Kijitu kilicho katikati ya kibao chetu kinaitwa LM2596, kilibuniwa na kampuni ya Marekani ya National Semiconductor, ambayo mwaka 2011 ilinunuliwa na Texas Instruments. Kinawasha na kuzima mara 150,000 kwa sekunde. Katika muda unaokuchukua kusoma neno moja la mstari huu, kimekwisha kuwasha na kuzima maelfu ya mara.

Tena hakifanyi hivyo kwa upofu. Ndani yake kuna kipimo cha volti 1.23 kisichobadilika. Sehemu ndogo ya volti zinazotoka hurudishwa na kulinganishwa na kipimo hicho. Zikionekana kupungua, labda kwa sababu mtu ameongeza simu ya pili, muda wa kuwasha hurefushwa, zikizidi, hufupishwa. Ndivyo mama anavyokoleza chumvi katika mchuzi, isipokuwa yeye huonja mara mbili, na hiki huonja mara 150,000. Juu ya kibao kuna skrubu ndogo ya shaba. Ukiizungusha, unabadilisha ile sehemu inayorudishwa, na volti zinazotoka hubadilika. Kwa ajili hiyo nawaonya wanaotaka kujaribu: kwanza pima kwa mita mpaka uone volti 5, ndipo uunganishe simu. Kibao kikitoka dukani kinaweza kuwa kimewekwa volti zozote.

Mwalimu alikinunua Kariakoo alipokwenda Dar es Salaam, nasi tukakishindanisha na 7805. Mzigo ulikuwa rezista ya omu 5, inayochukua ampea 1 kwa volti 5, basi hakuna aliyeweza kusema kuwa simu ilidanganya. Kwa 7805, mita ya upande wa betri ilionyesha ampea 1, kama tulivyotazamia. Kwa kibao cha buluu ilionyesha 0.51. Wanachama wawili walidhani mita imeharibika, wakaleta nyingine, nayo ikasema hivyo hivyo. Inashangaza kuona ampea 1 ikitoka mahali palipoingia nusu tu, lakini hakuna uchawi: volti zimepungua, mkondo umeongezeka, na wati hazikuzidi. Ziliingia 6.1, zikatoka 5. Upotevu ni wati 1 na kidogo, ambapo ule wa kwanza ulikuwa 7. Kisha tukaweka chembe ya nta ya mshumaa juu ya kila kimoja. Juu ya 7805 nta iliyeyuka kabla hatujamaliza kubishana juu ya dakika ngapi tusubiri. Juu ya kibao ililainika pembezoni tu.

Wazo la kukata umeme vipande vipande si jipya. Redio za magari za miaka ya 1930 zilikuwa na kifaa kilichotetemeka ndani, kikikata umeme wa betri mara nyingi kwa sekunde ili upate kukuzwa na transfoma, na wenye magari hayo walizoea kusikia mvumo wake. Kilichokosekana kilikuwa swichi isiyochoka. Transista ilipovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, njia ilifunguka, ingawa ilichukua miaka mingi kabla hazijapatikana zenye kasi na nguvu ya kutosha. Mwaka 1976 kampuni ya Silicon General ilitoa kijitu SG1524, kilichobuniwa na Robert Mammano, chenye ndani yake akili yote ya kuongoza swichi. Mwaka uliofuata kompyuta ya Apple II ilitoka ikiwa na umeme wa namna hii, kazi ya mhandisi Rod Holt, na kwa hiyo haikuhitaji feni. Baadhi ya watu husimulia kwamba ndipo jambo hili lilipoanza. Sivyo; kompyuta kubwa na vyombo vya kupimia vilikuwa navyo kabla yake. Lakini ni kweli kwamba tangu miaka hiyo ukataji wa umeme uliingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Wazazi wenye umri watakumbuka chaja za simu za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyingi zilikuwa nzito kama jiwe la kusagia pilipili, kwa sababu ndani mlikuwa na transfoma ya chuma. Chaja ya leo ni nyepesi, nayo hutoa umeme mwingi zaidi. Sababu ni hii. Umeme wa ukutani hubadilika mara 50 kwa sekunde, na transfoma yake ni kama mtu anayejaza pipa kwa safari 50. Yampasa achukue ndoo kubwa. Chaja mpya huugeuza kwanza umeme wa volti 230 uwe wa mkondo mnyoofu wa volti 325 hivi, kisha huukata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Anayefanya safari nyingi kiasi hicho aweza kutumia kikombe. Ndiyo maana transfoma yake ni ndogo kama ncha ya kidole gumba. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mwaka 2009, zikaanza kutumika mwaka 2010, za kupunguza umeme ambao chaja zinaweza kupoteza, na zile nzito za chuma hazikuweza kuzitimiza kwa urahisi.

Nisiache kutaja hatari iliyopo hapo. Transfoma hiyo ndogo ndiyo ukuta pekee kati ya volti 325 na mkono wa mtu. Katika chaja iliyotengenezwa vizuri, upande wa umeme mkali na upande wa simu hutengwa kwa nafasi ya milimita kadhaa, na waya huwa na tabaka za kuhami. Katika chaja mbovu zilizojaa sokoni nafasi hiyo huwa ndogo mno. Tulifungua moja iliyokwisha kufa, tukakuta pande mbili zinakaribiana kama meno. Mwenye nayo, mwenzetu wa bweni, aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Alikuwa akiiweka chini ya mto wake.

Kanuni ile ile hutumika pia kwa vitu vikubwa. Treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 hupokea volti 25,000 kutoka waya wa juu, na mwendo wa mota zake huongozwa kwa transista kubwa zinazowasha na kuzima. Treni za umeme za zamani huko Ulaya ziliondoka kituoni kwa kuunguza sehemu ya umeme katika rezista kubwa zilizofungwa juu ya paa au chini ya behewa. Hilo ni bati la mama, ila la tani kadhaa.

Nilirudi nyumbani likizo ya mwezi wa nne nikiwa na kibao changu ndani ya kasha la sabuni lililotobolewa matundu. Masika yalikuwa yamekwisha kuanza. Sasa kila simu inachukua nusu ya ampea-saa, basi simu nane huchukua 4 badala ya 8. Katika zile 9 tunazoruhusiwa hubaki 5, na taa yatumia 1 kwa saa nne. Jua likifichama siku mbili, betri bado ina akiba. Usiku wa tatu wa mvua mdogo wangu alikuwa angali anafanya hesabu za majaribio saa nne kasoro robo, na simu saba zilikuwa zimepangwa mezani. Mama hakuzihesabu. Aligusa kasha la sabuni kwa nyuma ya kidole, akagusa tena, kisha akaenda kulala.

Ila babu hakufurahi. Yeye husikiliza habari kwa redio ya masafa mafupi, na tangu kibao kilipofika redio yake ilianza kuunguruma kama nyuki katika mzinga. Sababu si ngumu. Kitu kinachokata umeme mara 150,000 kwa sekunde hutoa mawimbi kama kituo cha redio kisicho na leseni, na ukataji wenyewe ukiwa mkali, mawimbi hayo hufika mbali zaidi ya kipimo chake. Nilisogeza kibao hatua tano, mlio ukapungua. Nikausokota waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, ukapungua tena. Haukwisha.

“Babu, ni kidogo tu sasa,” nikamwambia.

“Kidogo kwako,” akajibu. “Mimi nasikia nyuki wakisoma habari.”

Basi nilichukua ile 7805 ya zamani, nikaifungia redio peke yake. Redio inatumia betri kavu tatu, na volti 5 zinaifaa. Mkondo wake ni miliampea 60 tu, kwa hiyo kinachopotea hakifiki hata nusu wati, na transista inayobana polepole haitoi kelele yoyote hewani. Wakati wa habari mama huchomoa kibao kwa dakika kumi, simu zikasubiri, babu akasikia kila neno. Paka alikwenda kulala karibu na bati siku mbili, akaona limepoa, akahamia jikoni.